Bondo la Sangara na Sauti ya Bi Kidude

Asubuhi Igogo, jijini Mwanza, kabla jua halijayapasha moto mawe ya mlimani, kinamama wanapanda vichochoro na mabeseni kichwani, wanaita wateja mlango kwa mlango. Siku moja nilimsikia jirani akimjibu mmoja wao, nusu utani: "Mama, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Yule mama hakusema neno. Alishusha beseni, akalifunua. Sato mmoja alikuwa bado anatapatapa.

Tangu siku hiyo methali hii hainikai sawa.

Shuleni tulifundishwa kwamba inamwonya mwenye majivuno: fanya kazi yako vizuri, acha kujinadi. Hapo ina haki yake, sina ugomvi nayo. Lakini itazame ile "ji". Kitu kinajiuza chenyewe, kana kwamba hakuna aliyekibeba wala aliyesimama kukitazama. Na kinachojitembeza kimeshahukumiwa kabla beseni halijafunuliwa. Anayetembeza huenda hana kibaya. Huenda hana kibanda tu. Nadhani methali hii ilitungwa na mtu mwenye kibanda barabarani.

Mchukue Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Zanzibar. Alianza kuimba angali binti mdogo, akizishika nyimbo za Siti binti Saad kwa kusikiliza. Akapiga ngoma za unyago, akafanya kazi ya hina na dawa za mitishamba, miongo ikapita. Sauti ile ilikuwa nzuri muda wote huo, mbona haikujiuza? Miaka ya 1980 Mohamed Ilyas na kundi lake la Twinkling Stars walisafiri naye kwenda kuimba Ulaya. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, ambayo kwa kweli ni soko, mahali wenye muziki na wanunuzi wake wanapokutana. Mwaka uliofuata Andy Jones akatoa filamu ya hali halisi juu yake, As Old as My Tongue. Wengi wetu wa huku bara, nami nikiwemo, tulimsikiliza kwa makini baada ya wageni kumpigia makofi. Si jambo la kujivunia.

Mmarekani Sixto Rodriguez yalimpata makubwa zaidi. Albamu yake ya Cold Fact ya mwaka 1970 ilidoda kwao, akarudia kazi za ujenzi na kubomoa majumba Detroit. Kumbe Afrika Kusini vijana walikuwa wakinakiliana kanda zake na kuamini ameshakufa. Filamu ya Searching for Sugar Man ikamtangaza duniani mwaka 2012. Nyimbo zilikuwa zile zile, hakuna aliyezigusa.

Watu wa Igogo hawahitaji filamu kulielewa hili. Wana bondo. Zamani lilikuwa kibofu cha hewa cha tumboni mwa sangara ambacho hakuna aliyekijali. Minofu ikipanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakibaki kukaangwa mtaani. Kisha likapata wateja China, na leo kilo ya mabondo makavu inaiacha mbali kilo ya minofu. Sangara hajabadilika hata kidogo. Amebadilika anayemtazama. Kwa hiyo uzuri haukai ndani ya kitu peke yake, ukingoja. Unahitaji shahidi, na shahidi naye anahitaji mtu wa kumfikishia kitu chenyewe.

Na hapa ndipo methali inapoficha jambo zito kuliko yote. Kama kitu kimejiuza chenyewe, basi hakuna wa kuulizwa hela zimekwenda wapi. Rodriguez hakuona mrabaha wa miaka ile ya Afrika Kusini. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013, akiwa na heshima nyingi na mali chache. Mvuvi anayelitoa bondo ziwani analisikia kwa mbali tu likitajwa bei kubwa kubwa mdomoni mwa madalali.

Jirani yangu, baada ya kumwona yule sato, alinyamaza kidogo. Kisha akachagua wawili wakubwa, akaomba apunguziwe bei.