Ngozi Wakati wa Kiangazi
Katika miezi ya Juni na Julai, ambapo mvua zimekatika na baridi ya alfajiri, iletwayo na mwinuko wa mji wetu wa Lubumbashi, uliokaa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, huandamana na vumbi jekundu la njiani, ngozi hupauka hata ukiikwaruza kwa ukucha huacha mstari mweupe. Kwa rai yangu, mafuta ya mise, yakamuliwayo katika viini vya kokwa za mchikichi, yanatosha: jipake kidogo mara utokapo kuoga, mwili ungali na unyevu, kwani kazi yake si kuleta maji bali kuyazuia yasitoroke. Asubuhi huganda chupani, basi yayeyushe viganjani. Na harufu yake, kusema kweli, si ya uturi. Ama zile marhamu za kung'arisha, zenye haidrokwinoni au zebaki, tahadharini nazo, kwani zebaki hupenya ngozini ikadhuru mafigo. Na watoto, tafadhalini, msiwapake marhamu hizo abadan.