Mashine ya Kunyolea ya Babu, na Uchafu wa Ndani



Bwana wetu alipowakemea Mafarisayo habari ya kikombe na sahani, katika Injili ya Mathayo mlango wa 23, alisema nao juu ya chombo chenye mdomo mpana. Mkono waingia, kitambaa chafika kila mahali. Lakini viko vyombo ambavyo ndani yake mkono haufiki kamwe. Kimojawapo ni mashine ya kunyolea ndevu ya zamani, ile ya chuma ambayo mtu huizungusha namba zake ili imnyoe kwa upole au kwa ukali. Vijana kadhaa wa mtaa wetu wamezirithi kwa baba na babu zao, nao huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, nitaifunguaje niisafishe?"

Kwanza yafaa tujue tunachokishika. Mashine za kunyolea zenye wembe mwembamba wa kutupwa zilianza kuuzwa na King Camp Gillette huko Boston, Marekani, mwaka 1903. Mwaka ule wa kwanza aliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Zile zenye namba zilikuja nyuma sana. Iliyo nene ilitoka mwaka 1958, na jina lake la kiwandani lilikuwa 195, kwa kuwa bei yake ilikuwa dola moja na senti 95. Wapenzi wa vitu vya kale ndio waliokuja kuiita "Fatboy". Mwaka 1961 ikafuata iliyo nyembamba, iitwayo Slim. Ukiigeuza na kutazama chini ya kichwa chake utaona herufi na tarakimu: herufi ni ya mwaka, tarakimu ni ya robo ya mwaka. E ni 1959, H ni 1962. Kijana mmoja aligundua kwa njia hiyo kwamba mashine ya babu yake ina umri kumpita baba yake mzazi, akakaa kimya kitambo.

Sasa, yafanyaje kazi? Chini ya mpini pana kifundo. Ukikizungusha, kichwa chafunguka kama milango miwili ya kabati, nawe waweka wembe. Ukikirudisha, milango yafunga na kuubana wembe. Shingoni pana pete yenye namba 1 hadi 9. Pete hiyo hupandisha na kushusha kibao kilicho chini ya wembe, na hivyo nafasi iliyo kati ya makali na kibao huongezeka au kupungua. Namba 1 ni ya ngozi laini na ndevu chache. Namba 9 ni ya mwenye ndevu ngumu na mkono uliozoea. Anayeanza asivuke 3. Tena kabla ya kugeuza pete, legeza kifundo kidogo, ili vyuma visisagane.

Yote hayo yamo ndani ya mpini usiozidi unene wa kidole. Sabuni huingia humo kila asubuhi kwa miaka 20, 30. Na maji yetu yakiwa ya chumvichumvi, chokaa iliyomo hushikana na sabuni, ukafanyika utando mweupe usioyeyuka kwa maji matupu. Wengine wadhani ni kutu. Si kutu; ni sabuni iliyogeuka jiwe. Ndiyo maana pete yakwama na milango yafunguka nusu.

Hapo ndipo kijana achukuapo koleo na bisibisi. Nawasihi, msifanye hivyo! Mashine hizi za Gillette hazikuundwa ili mwenye nyumba azifungue. Sehemu zake zilifungwa kiwandani kwa kukandamizwa chuma, na ukiisha kukilazimisha kile chuma kilichokunjwa, hakirudi tena kama kilivyokuwa. Nimeona moja iliyofunguliwa hivi: vipande vyote vilikuwa safi, vimepangwa vizuri juu ya gazeti, na hapakuwa na mtu wa kuviunganisha. Ziko za namna nyingine zilizokusudiwa kufunguliwa, kama Merkur Progress ya Solingen, Ujerumani. Hiyo wazungusha kifundo mpaka mwisho na kichwa chaachia chenyewe. Uangalie tu alama zilizopo zilingane unapokirudisha, la sivyo namba zitakudanganya. Basi jambo la kwanza ni kujua umeshika ya namna gani.

Ile isiyofunguliwa, ifanyie hivi. Ondoa wembe. Tia maji ya uvuguvugu katika bakuli, na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, uiache humo nusu saa milango ikiwa wazi. Kisha chukua mswaki laini, piga ndani ya milango na kuzunguka pete. Fungua na funga, geuza pete taratibu, suuza, ulaze tena katika maji mapya. Maji ya kwanza yatatoka meupe, ya pili vivyo hivyo. Iliyokwama sana yaweza kutaka siku tatu au nne. Usitumie maji yanayochemka, maana rangi iliyo katika namba yaweza kubanduka. Usiilaze katika siki kwa muda mrefu, kwa sababu juu ya shaba pana ngozi nyembamba ya nikeli, na asidi huila. Jiki pia huiharibu. Wala usithubutu kuchanganya jiki na siki; mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu. Ikiisha kutakata, ikaushe kabisa, tia tone moja la mafuta ya cherehani katika kifundo.

Ndugu zangu, nimesema ya vyuma, lakini wengi wenu mmeshaona ninakoelekea. Tunayo tabia katika mitaa yetu, mtu aliyeanguka anapotaka kurudi kundini, ya kumfungua mpaka kipande cha mwisho mbele ya watu. Tunataka kujua alikuwa na nani, wapi, mara ngapi. Twasema ni usafi. Halafu twashangaa kwamba haonekani tena Jumapili. Kasisi akikaa na mtu huyo faraghani, leo na juma lijalo na mwezi ujao, wako wasemao kwamba anaficha uovu. Mimi sioni hivyo. Aliyemwumba mtu anajua jinsi alivyomfunga. Sisi hatukupewa koleo. Wapo pia walio wepesi kufunguka, ambao neno moja la wazi huwatosha, nao tusiwazungushe miezi. Wazee wa kanisa hawana budi kutambua tofauti hiyo kabla ya kuitisha kikao.

Neno la mwisho ni la wembe wenyewe, na hili halina mfano ndani yake. Mashine yaweza kurithiwa; wembe haurithiwi wala haushirikiwi, hata kwa baba na mwana, hata kwa mume na mke. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu siku saba na zaidi katika damu iliyokauka, na damu hiyo yaweza kuwa ndogo hata jicho lisiione. Virusi vya Ukimwi navyo hupita kwa wembe wenye damu mbichi. Kwa hiyo mashine uliyoipokea, baada ya kuiosha, ipanguse kwa spiriti, uweke wembe mpya, na uwe wako peke yako. Nyembe zilizotumika zisitupwe jalalani, watoto huchezea huko. Chukua kopo la maziwa ya unga, toboa mwanya mwembamba katika kifuniko, uwe unazidumbukiza humo, na kopo likae juu ya kabati mahali ambapo mtoto hafiki.