Mashujaa Wasio na Doa na Mashujaa Waliokosa



Vijana wengi wa sharika zetu wapenda kusoma hadithi za picha, tena hutazama katika televisheni hadithi za watu wasafirio kati ya nyota. Wazazi wengine huwakemea, wakisema kwamba mambo hayo ni upuzi mtupu. Sisi hatusemi hivyo. Mtu akitaka kuujua moyo wa mtoto wake, na amwulize ni shujaa yupi ampendaye. Basi mwezi huu twataka kuwatazama mashujaa hao pamoja nanyi, na kuuliza: Ni yupi afaaye kutufundisha, yule asiye na kosa, au yule aliyekosa?

Mwaka 1938 vijana wawili wa mji wa Cleveland katika Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimleta Superman mbele ya wasomaji. Habari yake ni hii: alizaliwa katika ulimwengu mwingine uliokuwa ukiangamia, akatumwa duniani angali mtoto mchanga, akakua mwenye nguvu kupita watu wote, naye akaazimia kuwatetea wanaoonewa. Siku zile watu wengi wa nchi ile walikuwa hawana kazi, na habari za vita zilikuwa zikikaribia. Si ajabu walimpenda mtetezi wa namna hiyo. Vivyo hivyo Gene Roddenberry, aliyeianzisha Star Trek katika televisheni mwaka 1966, alipoanzisha mfululizo mwingine wa hadithi hizo mwaka 1987, alitaka mabaharia wa chombo chake wawe watu waliokwisha kushinda choyo na ugomvi. Waandishi wake walinung'unika, kwa maana ni vigumu kutunga hadithi ya watu wasiogombana.

Shujaa asiye na doa ana faida yake. Atuonyesha jinsi ilivyotupasa kuwa, kama sheria ya Mungu ituonyeshavyo. Lakini kioo chaonyesha uchafu wa uso, hakiuoshi. Kijana amtazamaye shujaa kama huyu peke yake mwisho huwa na njia mbili tu: ama atajidanganya kwamba amefanana naye, ama atakata tamaa.

Mwaka 1962 Stan Lee na Steve Ditko walitokeza shujaa wa namna nyingine, Spider-Man. Huyu ni kijana yatima, Peter Parker, aliyelelewa na ami yake Ben na mkewe May. Alipopata nguvu kwa kuumwa na buibui, alizitumia kwanza kutafuta sifa na fedha. Siku moja mwivi alipita mbele yake akikimbia, naye akamwacha aende zake, akisema moyoni kwamba jambo hilo halimhusu. Baadaye ami yake akauawa. Peter alimfuata mwuaji, akamkamata, akamtazama uso, kumbe ni mwivi yule yule! Tangu siku hiyo husaidia watu, kwa kuwa alijua dhambi yake, wala hakumtupia mwingine.

Lakini, ndugu, tusiseme upesi kwamba kila shujaa mwenye kosa ni mwalimu mwema. Mwaka 1998 katika Star Trek: Deep Space Nine ilionyeshwa habari ya mkuu wa kituo, Benjamin Sisko. Watu wake walikuwa wakishindwa vitani, naye alitaka taifa la Romulan liwasaidie. Akakubali ushahidi wa uongo utengenezwe. Uongo ulipojulikana, mwenziwe katika shauri hilo akamwua mjumbe wa Romulan kwa siri, na taifa lile likaingia vitani kama Sisko alivyotaka. Sisko aeleza mambo hayo yote peke yake, akiyasema katika kumbukumbu zake mwenyewe. Mwisho asema kwamba aweza kuishi na jambo hilo. Kisha aamuru maneno yake yote yafutwe.

Hapo ndipo penye fundisho. Aliungama, lakini hapakuwa na mtu wa kumsikia, wala wa kumkemea, wala wa kumsamehe. Maneno yalifutwa, dhambi ikabaki.

Sasa mfikirini Daudi. Naye alimtwaa mke wa Uria, akamwua Uria kwa upanga wa adui. Naye pia alificha. Lakini Mungu alimtuma Nathani kwa mfano wa mwana-kondoo wa maskini, na mfalme akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Dhambi yake ilisamehewa, lakini habari yake haikufutwa kitabuni. Hata Mathayo, aandikapo vizazi vya Bwana wetu, amtaja mamaye Sulemani kuwa ni yule aliyekuwa mke wa Uria. Vivyo hivyo Injili zote nne zasimulia jinsi Petro alivyomkana Bwana wake. Watu hufuta ili wasiaibike. Mungu husamehe, kwa hiyo hahitaji kufuta.

Basi, ninyi walimu na wazee, twawauliza: Sisi je, twasimuliaje habari za waliotutangulia? Katika mazishi na katika sikukuu za sharika twawapaka chokaa, hata hapana aliyewahi kukasirika, wala kulewa, wala kuwaonea wenziwe. Kisha mkubwa mmoja akianguka, vijana wetu huanguka pamoja naye, kwa maana hatukuwafundisha jinsi mtu aliyeanguka ainukavyo. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Hatusemi mtangaze aibu za watu. Hilo ni umbeya. Twasema kila mmoja na aanze na habari yake mwenyewe, awaambie wanafunzi wa kipaimara ni wapi alipokosa, na ni nani aliyemwinua.

Shujaa asiye na doa yuko mmoja tu, naye hakutumia nguvu zake kujiokoa mwenyewe msalabani. Kwa kuwa yeye yuko, sisi wengine hatuna haja ya kujifanya kuwa hatuna doa.

Bwana atupe moyo wa kweli. Amina.