Kishawishi na Mlango wa Moyo

Wakristo wanaosali kwa Kiswahili huliomba ombi moja kwa maneno mawili. Katika Sala ya Bwana, wale waliokulia katika Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, humwomba Mungu asiwatie katika majaribu. Wakatoliki hulitaja neno kishawishi. Asiyewahi kuihangaikia kazi ya kufasiri atadhani kwamba hayo ni mapambo ya lugha tu, kwani Kiswahili ni tajiri na kila mtu huchota apendapo. Sivyo. Jaribu na kishawishi si pacha. Jaribu ni kipimo: dhahabu hujaribiwa kwa moto, jahazi jipya hujaribiwa majini kabla ya safari, na mwenye kujaribu aghalabu hutumaini kwamba kijaribiwacho kitafaulu. Kishawishi ni mvuto, na mwenye kushawishi hutaka mwenziwe aanguke. Kigiriki cha Agano Jipya kina neno moja, peirasmos, linalozibeba maana zote mbili kwa pamoja. Mfasiri wetu hana budi kuchagua, na lolote alichaguapo huiacha nusu ya maana ufukoni.

Tofauti hiyo si ya wanalugha peke yao, kwani nyuma yake pana swali zito: je, Mungu ndiye amtiaye mja wake kishawishini? Waraka wa Yakobo, katika sura yake ya kwanza, unakana katakata: Mungu hamshawishi mtu, bali kila mtu huvutwa na tamaa yake mwenyewe. Ni swali hilohilo lililowafanya Wakatoliki wa Ufaransa waibadilishe sala yao mwezi Desemba 2017, ili waombe wasiachwe waingie kishawishini, badala ya kuomba wasitiwe humo. Papa Francis aliyaunga mkono mageuzi ya namna hiyo, na mwaka 2020 Waitalia nao wakaibadilisha yao. Watu wazima, wenye elimu na cheo, wamekaa miaka wakilibishania tendo moja la sarufi. Wasemao kwamba lugha ni ganda tu la imani na wautazame mfano huo.

Tukubaliane basi kwamba Mungu si mshawishi. Limebaki swali linalotuhusu zaidi: kishawishi kijapo, dhambi huanzia wapi?

Injili zinatupa kisa cha kuanzia. Mathayo na Luka wanasimulia, Marko akitosheka na maneno machache, kwamba Yesu alifunga siku 40 jangwani, kisha akashawishiwa mara tatu: ageuze mawe yawe mkate, ajitupe kutoka kinara cha hekalu, na apokee falme zote za dunia kwa kumsujudia Ibilisi. Tuvitazame vitu vyenyewe alivyopewa. Mkate si haramu. Yeye huyohuyo baadaye aliwalisha maelfu. Kulindwa na Mungu si haramu, wala kutawala. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kibaya kwa umbo lake. Ubaya ulikuwa katika njia ya kukipata, katika bei yake, na katika mkono uliokitoa. Zaidi ya hayo, katika shauri la hekalu Ibilisi alitumia maneno ya Zaburi ya 91. Kishawishi, kumbe, chaweza kuja kimevaa joho na kitabu kimekipachika kwapani. Anayekingoja kije na pembe kichwani atakipisha mlangoni bila kukijua.

Waraka kwa Waebrania unalitoa funzo la kisa hicho: alishawishiwa kwa kila namna kama sisi, ila hakutenda dhambi. Basi kushawishiwa si dhambi. Neno hili ni jepesi kulitamka, lakini wapo waumini wanaougua kwa kutolijua. Mtu hupitiwa na fikira chafu akiwa katikati ya ibada, akajiona amekwisha kulaaniwa. Hapa pwani tunalo neno wasiwasi, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni mnong'ono, ule wa Shetani kifuani mwa mtu. Vinywani mwetu limekuwa jina la hofu na mashaka. Safari hiyo ya neno inaeleza jambo la kweli: anayeuhesabu kila mnong'ono kuwa kosa lake huishia katika hofu isiyokoma.

Aliyeupambanua mnong'ono na kosa kwa makini zaidi katika Ukristo wa kale ni Evagrius wa Ponto. Alikuwa shemasi msomi katika mji wa Constantinople, akaingiwa na mapenzi ya mke wa mtu mkubwa, akaukimbia mji, na hatimaye akaingia katika jangwa la Misri, alikoishi na wamonaki hadi alipofariki mwaka 399. Huko aliziorodhesha fikira nane zimshambuliazo mtu: ulafi, uzinifu, kupenda mali, huzuni, hasira, uvivu wa moyo, kutaka sifa, na kiburi. Kuhusu ule uvivu wa moyo aliandika kwamba humjia mmonaki kuanzia saa nne hadi saa nane, jua likionekana kama limesimama, naye akawa achungulia dirishani na kukichukia chumba chake. Mfasiri wa Kiswahili huifurahia sentensi hiyo, maana saa za Evagrius zilihesabiwa tangu macheo kama zetu. Ni saa nne yetu hasa, na joto lake ni lilelile la adhuhuri tulijualo.

Kanuni yake kuu ni hii: fikira hizo kutujia au kutotujia si amri yetu, kukaa au kutokaa kwake, hiyo ndiyo amri yetu. Takriban katika miaka hiyohiyo, Augustino wa Afrika ya Kaskazini alizipanga hatua tatu: kwanza mnong'ono, kisha ladha, kisha ridhaa. Dhambi hutimia penye ridhaa. Moyo, kwa hiyo, ni nyumba yenye mlango. Kubisha hodi si kosa la mwenye nyumba. Lakini wengi wetu, mambo yakiharibika, husema shetani kanipitia. Aliyekula amana ya mayatima husema hivyo akibanwa, na aliyeivunja nyumba ya jirani yake husema hivyo. Mafundisho haya hayakatai kwamba Shetani alipita. Huuliza tu ni nani aliyemfungulia, akamtandikia mkeka na kumwandalia kahawa. Yakobo anaipanga kama nasaba: tamaa ikichukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Wahenga wetu waliifupisha nasaba hiyo kwa maneno manne: tamaa mbele, mauti nyuma.

Sasa, mlango hulindwaje? Wazee wa jangwani walijua njia mbili. Ya kwanza ni kukimbia, na Evagrius mwenyewe aliipitia alipoupa mji kisogo. Haina fahari, lakini ina faida, na asiyetaka kunukia samaki asishinde sokoni kwa wavuvi. Ya pili ni kujibu. Evagrius alitunga kitabu kizima cha majibu, chenye sehemu nane kwa zile fikira nane, na karibu mistari 500 ya Maandiko, kila mmoja umeandaliwa kwa mnong'ono wake. Aliuchukua mfano wa Yesu, ambaye majibu yake matatu yote yametoka katika Kumbukumbu la Torati. Hakubuni hoja mpya akiwa na njaa. Alitoa akiba aliyokwisha kuiweka. Hili lina maana kubwa, kwani saa ya kishawishi si saa ya kuanza kufikiri. Akili iliyokwisha kuonja ladha ni wakili mkubwa, nayo hupata sababu nzuri kwa kila jambo. Anayeingia katika mjadala huo mikono mitupu amekwisha kushindwa kabla ya kufungua kinywa.

Wapenzi wa ushairi wa pwani hawataiona njia hiyo kuwa ngeni. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauita moyo wake, anaukanya, na kuuonyesha magofu ya Pate ili uache kughurika na dunia. Hakuwa Mkristo, wala hakumsoma Evagrius; lakini alijua kwamba moyo hauachwi useme peke yake, lazima asimame mtu wa kuujibu. Na anayehifadhi beti kwa moyo hujiwekea akiba hiyohiyo.

Hata hivyo, mafundisho ya mlango yana upungufu, na uungwana wa hoja wataka tuuseme. Yanamfaa mgeni abishaye hodi. Je, yule asiyebisha, kwa kuwa amekwisha kuwa mmoja wa watu wa nyumbani? Kikulacho ki nguoni mwako, nacho hakina haja ya kunong'ona.

John Newton, mtunzi wa utenzi wa kanisani ujulikanao kama Amazing Grace, aliiona nuru ya imani katika dhoruba ya bahari mwezi Machi 1748. Tungetarajia kwamba tangu siku ile angeiacha biashara ya watumwa. Haikuwa hivyo. Kati ya mwaka 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa zilizotoka Liverpool. Aliacha matusi, akawasalisha mabaharia wake siku ya Jumapili, akasoma Maandiko katika chumba chake, na chini ya miguu yake walilala watu katika minyororo. Vishawishi vilivyobisha hodi alivijibu kwa bidii. Ile dhuluma kubwa haikumbishia, kwa sababu ilikuwa kazi yake, desturi ya mji wake na sheria ya nchi yake. Ni maradhi yaliyomtoa baharini mwaka 1754. Kijitabu chake cha kuipinga biashara hiyo, ambamo alikiri kwa uchungu sehemu aliyoishika, alikitoa mwaka 1788, miaka 40 kamili baada ya dhoruba ile.

Visiwa vyetu na mwambao wetu havihitaji kufunzwa habari hiyo kutoka mbali. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya Wakristo wenzake katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, na kanisa la Mkunazini likajengwa mahali pake. Walionunua na waliouza, wa dini hii na wa dini ile, walifunga na kusali. Wengi wao, yamkini, walikuwa wakipambana na vishawishi vyao vya kila siku na kulala wakiwa wameridhika.

Basi ni nani atamfungua masikio mtu wa namna hiyo? Biblia inalo jibu, na lawahusu hasa wasomaji wa kurasa kama hizi. Daudi, ambaye jadi inamhesabu kuwa bwana wa zaburi, alimtwaa mke wa Uria na kumwua mumewe kwa hila ya vita, kisha akaendelea kuketi kitini akihukumu watu. Zaburi zake hazikumwamsha. Nabii Nathani hakumwendea na mahubiri. Alimwendea na hadithi ya maskini mwenye mwanakondoo mmoja na tajiri aliyempora. Daudi akawaka hasira juu ya tajiri yule, hata alipoambiwa kwamba tajiri ndiye yeye. Moyo uliokuwa umejifungia umlango kwa umlango ukaingiwa na hadithi. Hiyo ndiyo kazi ya fasihi penye suala hili: kukibishisha hodi kile kilichokwisha kuhamia ndani, ili mwenye nyumba akitazame usoni kana kwamba anakiona leo.

Tena Nathani alikuwa mtu mwingine. Daudi hakujisimulia mwenyewe hadithi ile, wala asingeweza. Hapa ndipo ninapoirudia ile sala iliyowatesa wafasiri. Wamebishana juu ya tendo na juu ya nomino, lakini kuna silabi moja ambayo Waprotestanti na Wakatoliki wameitamka kwa Kiswahili bila ya hitilafu: ile -tu- iliyo katikati ya kitenzi. Ombi hilo halisemi mimi, lasema sisi. Aliyeifundisha sala hiyo hakumpa mtu njia ya kuomba ajiokoe peke yake na kishawishi chake. Anayepambana chumbani mwake, na apambane. Akiba ya maneno na aiweke, na penye kukimbia akimbie. Ila kwa kile asichokisikia, hana ila masikio ya wenziwe. Anahitaji rafiki asiyemwogopa, jirani aliyeumizwa na mwenendo wake, au mtunzi ampaye kisa cha mtu mwingine. Atakayewafungia hao mlango, hata awe mlinzi hodari namna gani, atakuwa amejifungia ndani pamoja na mwizi.