Unamkinga Nani?

Tarehe 1 Juni 2020 vyuo vya Tanzania vilifunguliwa tena, baada ya miezi miwili na nusu ya kufungwa kwa ajili ya corona. Ndoo za maji na sabuni ziliwekwa milangoni, na mara nyingi alikuwapo mtu wa kuhimiza. Watu walinawa. Ndoo zilipokauka, wengi waliacha. Si kwamba walikuwa wakaidi. Walikuwa wakimtii mlinzi, na mlinzi alishaondoka.

Anayesubiri kuamrishwa huyumba amri zinapogongana, na Tanzania iliziona zikigongana. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato mkoani Geita, Rais John Magufuli alizitilia shaka chanjo za corona hadharani. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa watu wakimwona. Kati ya ishara hizo mbili, aliyebaki na msimamo ni yule aliyekwisha kujiuliza: ninamkinga nani?

Shinyanga na Geita swali hilo lina uzito wake, hata kwa homa ya mafua. Mwanafunzi wa kampasi ya Kizumbi, Shinyanga, anaweza kwenda kusalimia nyumbani Kahama au Geita, akamkuta baba au kaka aliyechimba dhahabu miaka mingi. Vumbi la mwamba huyachakaza mapafu polepole na kukifungulia njia kifua kikuu. Mafua makali ambayo kijana atayamaliza kwa wiki moja, katika kifua kama hicho yanaweza kugeuka nimonia. Tena mtu huanza kuambukiza takriban siku moja kabla hajajihisi mgonjwa. Na machimboni kukohoa kumezoeleka mno, nani atashtuka?

Hata hivyo sitamtwisha mwanafunzi mzigo wote. Wanalala watatu au wanne geto moja. Testi ni kesho asubuhi, na asiye na cheti cha daktari huenda akapata sifuri; cheti nacho kinataka nauli na foleni ya nusu siku. Basi anapitia duka la dawa, ananunua amoksilini, dawa ya bakteria isiyogusa kirusi cha mafua, anavaa sweta na kwenda kubanana na wenzake ukumbini. Anaujua ushauri wa kubaki ndani. Ameshindwa kuulipia, na sisi tumemwachia bili peke yake.

Barakoa anaweza kuivaa, na mikono anaweza kunawa pasipo na mlinzi. Kwa Wasukuma hata mkono si lazima utolewe: heshima ya salamu imo katika goti na sauti. Hayo ni ya mwanafunzi.

Yaliyobaki ni ya chuo. Wahadhiri, homa ya mafua ikiingia kampasi, mwacheni anayekohoa afanye testi yake wiki inayofuata, na msimdai cheti.