Nani Atakupigia Kengele?

Mwanafunzi wa shule ya sekondari huongozwa na kengele. Kengele humwamsha alfajiri, humwita darasani, humpeleka mezani, na usiku humwamuru azime taa. Akichelewa, mwalimu wa zamu yupo. Chuo kikuu hakina kengele ya namna hiyo. Mhadhiri aweza kuwa na wanafunzi mia tatu mbele yake, asijue kuwa wewe umelala chumbani. Basi nakuuliza, msomaji: mtu aliyetenda mema kwa kuamriwa tu, je, amekuwa mwema, au ametiishwa tu?

Wako wasemao kuwa yafaa kijana abanwe mpaka siku ya mwisho ya shule, na uhuru ataufunzwa na chuo. Mimi sikubali. Hakuna ajifunzaye kuogelea siku chombo kinapozama. Uhuru hudai mazoezi kabla haujafika.

Tazama fedha. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hukopesha wanafunzi wa Kenya. Kijana ambaye hajapata kushika shilingi elfu tano hujiona tajiri apatapo fedha za matumizi ya muhula mzima. Akizimaliza kwa viatu na karamu katika wiki mbili, wiki zilizobaki atakula kwa kuombaomba. Na masomo yakiisha, mkopo ule utamngoja pamoja na riba yake.

Tazama wakati. Vipindi vya chuo ni vichache kuliko vya shule, na mgeni hudhani kuwa saa zilizobaki ni za mchezo. Kumbe hizo ndizo saa za maktaba. Anayezipoteza hugundua hasara yake siku ya mtihani, na aghalabu huwa amechelewa.

Tazama urafiki. Mpweke hupokea mkono wa kwanza unaonyoshwa kwake, hata kama mkono huo umeshika chupa. Kusema "hapana" bila ya matusi wala woga ni elimu, nayo haipatikani kwa usiku mmoja.

Lakini usidhani kuwa kujitawala ni kujitenga. Vyuo vina washauri na ofisi za kuwahudumia wanafunzi. Aliyezidiwa na huzuni, maradhi au ukata akaenda kueleza shida yake amejitawala zaidi kuliko aliyejifungia chumbani akaangamia kimya.

Baada ya mtihani wa kidato cha nne utapata miezi kadhaa nyumbani kabla ya kuitwa chuoni. Usiione kuwa likizo tupu. Amka bila ya kuamshwa. Jifunze kupika chakula chako na kufua nguo zako, uwe mvulana au msichana. Andika kila shilingi unayotumia. Soma kitabu kimoja ambacho hapana atakayekutahini. Mambo haya ni madogo, lakini samaki hukunjwa angali mbichi.

Kengele ya shule haikuwa adui yako. Ilikuwa mwalimu wa muda. Kama ulifuata sauti yake tu, itakaponyamaza utapotea. Kama ulifahamu sababu ya kupigwa kwake, utaamka alfajiri ile ya kwanza katika chumba kigeni, mahali ambapo hapana akujuaye, na utakwenda kazini mwako.