Kutibu na Kufundisha: Wajibu Mmoja au Miwili?

Shahada ya afya ya jamii humweka msomi wake kati ya wito wa tabibu na wito wa mwalimu. Tabibu humngoja mgonjwa. Mwalimu humfuata mtu angali mzima. Swali la kifalsafa ni kama huo ni wajibu mmoja, au ni miwili iliyowekwa pamoja kwa urahisi wa mtaala tu.

Plato, katika kitabu chake kiitwacho Sheria, anaeleza matabibu wa aina mbili. Anayewatibu watumwa huamuru dawa bila maelezo, kisha humkimbilia mgonjwa mwingine. Anayewatibu watu huru huzungumza na mgonjwa na jamaa zake, hujifunza kutoka kwao, wala haagizi lolote kabla hawajaridhika. Kwa hoja hiyo, kueleza ni sehemu ya kutibu, kwa kuwa mgonjwa ana akili ya kupima anachofanyiwa.

Kichocho kinaipa hoja hiyo uzito. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa mwilini, lakini haizuii maambukizi mapya. Mtoto wa Unguja aliyemeza vidonge leo anaweza kesho kuoga katika kijito kilekile alimoambukizwa. Mkojo wa mwenye ugonjwa ukifika majini, mayai huanguliwa, vimelea huingia ndani ya konokono, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga au kufua. Mzunguko huo daktari hawezi kuukata peke yake, hata awe hodari namna gani. Wanaotumia kijito wasipoujua, vidonge vitagawiwa kila mwaka.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya: wakijitokeza watu wa kutosha, waliobaki husamehewa, asipojitokeza yeyote, wote hupata dhambi. Aliwalaumu wanafunzi waliosongamana kwenye fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, huku miji ikikosa matabibu Waislamu. Kipimo chake kingali na nguvu kwa kijana anayechagua masomo: atazame pengo lililopo kabla ya kutazama heshima ya cheo.

Tanzania iliona mapema pengo la elimu ya afya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisoma, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo.

Hata hivyo, kufundisha kuna hatari yake ya kimaadili. Mwalimu anayemhimiza mama achemshe maji, bila kuuliza kuni zinatoka wapi, anamtwika lawama. Umaskini ukiitwa ujinga, mgonjwa hudhulumiwa mara ya pili. Ndiyo maana msomi wa fani hii hawezi kuishia kwenye somo. Inampasa pia kuidai halmashauri kisima na bomba. Azimio la kimataifa la Alma-Ata la mwaka 1978 liliitaja elimu ya afya na maji salama katika orodha moja ya mambo ya lazima ya huduma ya afya ya msingi.